Maziwa Mabichi na Mbegu za Nkuba

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa koti jeupe la mwanaume lililonifika chini ya magoti, na kiti kisicho na mgongo. Daktari wa mifugo hakuniuliza cheti. Alidondosha tone moja juu ya kioo, akakiweka chini ya hadubini, akanisogezea kiti kwa mguu.

"Angalia. Unaona nini?"

Nilikuwa nimetoka kwenye dispensari ya masista mjini Kamina, ambako kwa miaka mitatu nilitafuta vijidudu vya malaria kwenye damu za watu. Malaria hujificha, unaitafuta mpaka macho yanatoa machozi. Hapa sikutafuta kitu. Kioo kizima kilikuwa kinachemka.

"Docteur, inatembea sawa bantu ku gare siku train inafika."

Alicheka. "Bon. Bote banatembea?"

"Hapana. Bengine banazunguka fasi moya tu. Bengine balisha kufa."

"Ngapi ku mia?"

"Inayotembea iko sabini."

Aliinama akaangalia mwenyewe kwa muda mrefu. "Sabini," akasema. "Utaanza leo."

Hakuniambia nilichokuwa naangalia. Niliambiwa saa sita na mtunza farasi, mzee kutoka upande wa Kabongo aliyeitwa Papa Kasongo, nilipomkuta bombani ananawa mikono. "Mama, balikuonyesha mbegu ya Nkuba?" akaniuliza, akaonyesha kwa kidevu farasi dume mwekundu aliyefungwa nyuma yake. Nkuba ni radi kwa Kiluba. Nilimwangalia Nkuba, naye akaniangalia, nikaona haya kana kwamba nimefungua barua ya mtu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, Mkatoliki, mjane wa mfanyakazi wa reli, na watoto wawili niliowaacha kwa mama yangu. Kazi ni kazi. Jioni nilirudi nikamwambia mama yangu kwamba napima damu za wanyama, na mpaka anakufa aliamini hivyo.

Hiyo ilikuwa miaka ya Zaire. Jina langu la ubatizo liliwekwa kando kwa amri ya serikali, nikawa citoyenne, yaani raia, Ngoie. Shamba lenyewe lilikuwa uwandani nje ya Kamina, mwendo wa saa moja kwa lori, na lilikuwa na ng'ombe wengi kuliko watu wa vijiji vyote vilivyolizunguka. Wachungaji waliwaswaga ng'ombe hao kwa farasi, maana petroli ilikuja pale ilipotaka yenyewe, na farasi hula nyasi. Kwa hiyo shamba lilihitaji watoto wa farasi kila mwaka, na hapo ndipo ilipoingia kazi yangu.

Mtu angeuliza: si umwachie dume majike, basi? Tatizo ni kwamba farasi wana ugonjwa wao unaoambukizwa kwa kupandana. Ukiingia kundini, dume mmoja anaueneza kwa majike wote. Majike wetu walikuwa malishoni mbali mbali, wengine kituo cha pili njia ya Kabongo, na si wote waliopimwa. Kwa hiyo dume alipanda sanamu ya mbao iliyofungwa ngozi, Papa Kasongo akiwa na mfuko wa mpira wenye maji ya moto pembeni, na shahawa zikaingia kwenye chupa. Sisi tuliuita mfuko huo mpira, na ndivyo nitakavyouita hapa. Chupa ililetwa kwangu mbio mbio, imefunikwa na kofia ya Papa Kasongo isipigwe na baridi.

Wake za askari wa kambi ya Kamina, waliotoka kila pembe ya nchi na kuuza samaki wa Mulongo sokoni, walipopata habari hizo hawakuniacha. "Bibi ya farasi huyo anakuya!" wakapiga makofi. Mmoja akanipimia samaki na kuongeza mkia juu, akasema, "Kamata, mama, upate nguvu. Bwana yako iko na miguu ine." Nilicheka nao. Ukikasirika sokoni Kamina, utanunua samaki wa jana.

Sasa niwaeleze ninyi vijana kazi yenyewe, maana leo mna mashine zinazohesabu.

Shahawa za farasi huja na ute mzito mwishoni, kama uji wa muhogo uliopoa. Huo tunauchuja kwa kitambaa cha bandeji. Kinachobaki ni mbegu, zinazoogelea katika maji yake. Mimi nilidhani maji hayo ni njia tu, kama mto ulivyo njia ya mtumbwi. Daktari alinisahihisha wiki ya kwanza.

"Ile haiko mayi ya bure," alisema. "Iko na protini mingi mingi. Mbegu inatokaka ndani uchi. Mayi ile njo inaivalisha."

Protini hizo, alinieleza, ni vitu vidogo visivyoonekana hata kwa hadubini yetu. Kila moja ina kazi yake. Zipo zinazokigandia kichwa cha mbegu na kukituliza, isije ikatumia nguvu zake zote kabla ya kufika kwenye yai. Zipo zinazoilinda ndani ya tumbo la jike, kwa sababu tumbo la jike huiona mbegu kama mvamizi na kuitumia askari wake wa damu. Haya ya askari nilielezwa miaka mingi baadaye na mtoto wa dada yangu, aliyesomea mifugo Lubumbashi. Daktari wetu mwenyewe alikuwa anayakisia. Dume asiye na protini hizo, au aliye nazo kwa vipimo vilivyoharibika, anaweza kuwa na mbegu nyingi zinazokimbia vizuri na bado asizae.

Lakini protini hizo hizo zina upande wa pili. Mbegu ikikaa saa nyingi ndani ya maji yake, badala ya kuvishwa inavuliwa. Mafuta ya ngozi yake yanaondoka kidogo kidogo mpaka inakufa. Maji yale ni kama shemeji: akimsindikiza bibi harusi ni heshima, akihamia nyumbani kwenu ni matatizo. Kwa hiyo tuliyazimua haraka kwa maziwa yaliyoondolewa mafuta, yenye sukari kidogo na dawa ya kuua vijidudu. Maziwa nayo yana protini zake, ambazo huzikamata zile za dume na kuzishughulisha, mbegu zikapumua. Katika maziwa mazuri ziliweza kusafiri mpaka kituo cha pili, hata treni ikichelewa, na treni ilichelewa.

Tulitumia maziwa ya unga ya kopo. Daktari aliniandikia mwenyewe kanuni yake: koroga, chemsha juu ya mbabula, jiko letu la makaa, mpaka kipimajoto kifike nyuzi tisini na mbili, shikilia hapo dakika kumi, poza, changanya. Sikuambiwa kwa nini tisini na mbili, wala kwa nini dakika kumi. Sikuuliza. Wakati wetu mkubwa akisema chemsha, unachemsha. Ukiuliza sababu, unaonekana unampima.

Ninasimulia hili kwa utaratibu kwa sababu nataka muone jinsi kosa langu lilivyoingia. Halikuingia kwa uvivu.

Ilikuwa mwisho wa mwaka wangu wa pili, mvua zikianza. Mkataba wangu wa majaribio ulikuwa wa miaka miwili. Mwezi ule ndio Mkurugenzi wa shamba alikuwa aamue kama nitaandikishwa moja kwa moja au nitarudi nyumbani. Kwanza mpira ulichanika. Tukaungoja mwingine kutoka Lubumbashi, na kwa majuma mawili Daktari aliruhusu Nkuba apande mwenyewe majike watano waliokuwa wamepimwa, Papa Kasongo akiwashika kamba. Mpira mpya ukaja. Wiki ile ile kopo la mwisho la maziwa ya unga likaisha, na mengine yalikuwa ndani ya behewa fulani mahali fulani kwenye reli.

Ukose maziwa kwenye shamba la ng'ombe! Niliona ni mzaha. Kila asubuhi wachungaji walipita mlangoni kwangu na ndoo zinazotoa povu. Niliomba lita moja, nikaiacha itulie, nikaondoa mafuta ya juu. Halafu nikafikiri. Wachungaji wale walikunywa maziwa yakiwa bado na joto la kiwele, na walisema maziwa yaliyochemshwa yamekufa, ni ya wagonjwa na ya wazungu. Nami nilikuwa nimenyonyesha watoto wawili. Nani huchemsha maziwa ya mama? Niliamini Daktari alichemsha yale ya kopo kwa sababu ya vumbi na safari. Haya yalikuwa mabichi, masafi, ya ng'ombe ninayemjua kwa jina. Kitu hai kiingie ndani ya kitu hai. Niliyapasha moto wa mkono tu, nikachanganya.

Chini ya hadubini mbegu zilicheza. Nilijisifu. Katika daftari, kwenye safu ya kichanganyio, niliandika neno nililoliandika kila siku kwa miaka miwili: maziwa.

Daktari alikuja kila Alhamisi kutoka mjini. Tulichukua shahawa alfajiri, kukiwa na ubaridi, nikazipima, nikaandika, nikazichanganya. Yeye alifika saa moja baadaye na kuangalia mchanganyiko. Alhamisi ile aliangalia, akafuta kioo, akaangalia tena.

"Balikufa," akasema. "Bote."

Sikuamini. Nilitazama. Ilikuwa kama gare baada ya treni kuondoka. Alhamisi iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo, na ya tatu pia, na maziwa hayakunijia akilini hata kidogo. Daktari alichukua daftari langu, akasoma: ikitoka, sabini, ikitoka, sabini na tano. Baada ya saa moja, sifuri. Alikaa kwenye kiti changu kisicho na mgongo, akafikiri kwa sauti. Mbegu zinatoka nzima, zinakufa ndani ya saa moja. Maziwa ni yale yale, daftari linasema hivyo. Basi kilichobadilika ni maji ya dume mwenyewe. Protini zake zimeharibika, zinageuka sumu kwa mbegu zake. Alikuwa amesoma habari za madume wa namna hiyo. Hoja yake haikuwa na ufa popote, ila pale nilipoutia mimi.

Alimwita Papa Kasongo. "Papa, unamupatiaka Nkuba nini?"

"Nyasi, Docteur. Na mahindi."

"Na munkoyo?"

Papa Kasongo aliangalia chini. Kila mtu alijua kwamba alimpa Nkuba machicha ya munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi ambacho mke wake alikipika. Nkuba aliyapenda kuliko chumvi. "Kidogo tu, Docteur. Tangu eko mutoto minamupatia."

"Njo ile," alisema Daktari. "Munkoyo yako inaharibisha mayi yake."

Uamuzi ukafanywa: Alhamisi ijayo Nkuba ahasiwe. Dume asiyezalisha ni hatari bandani, huuma na kupigana, na mkuu wa wachungaji alikuwa anahitaji farasi mtulivu wa kupanda. Dume mwingine angeagizwa kutoka kusini.

Jumanne ya wiki hiyo kopo la maziwa ya unga likafika. Nilichemsha kama nilivyoandikiwa: tisini na mbili, dakika kumi. Papa Kasongo akaleta chupa chini ya kofia yake, nikachanganya kwa mazoea tu, nikaendelea na kazi nyingine. Baada ya saa moja nikaangalia.

Zilikuwa zinatembea. Sabini kwa mia, bila kuchoka.

Niliangalia tena, nikahesabu upya. Nilielewa pale pale. Nilichukua maziwa mabichi ya asubuhi nikayajaribu upande wa pili: yalizilaza zote kabla ya saa kwisha. Jumatano nikarudia, nikapata vile vile. Leo najua ni nini. Mtoto wa dada yangu alinipa hata jina lake. Maziwa mabichi yana protini yake ya ulinzi, anayopewa ndama ili vijidudu visimwue. Haichagui. Ikikuta mbegu ya farasi, inaiua pia, na moto wa tisini na mbili ndio unaoivunja. Mwaka ule sikujua jina. Nilijua tu kwamba Nkuba hana kosa, Papa Kasongo hana kosa, na mwenye kosa ni mimi.

Niliyaandika yote kwenye daftari Jumatano mchana, kwa wino. Nilipanga kumwonyesha Daktari asubuhi.

Asubuhi Daktari hakuja peke yake. Alikuja na Mkurugenzi, mwanaume mrefu aliyevaa abacost ya kijivu, suti ya wakubwa wa enzi ile, ambaye hakuwahi kukanyaga kwangu. Alinipa mkono.

"Citoyenne Ngoie! Docteur ananiambia unafanya kazi muzuri. Mwanamuke wa kwanza ku labo. Leo jioni ninasainia barua yako."

Niliona watoto wangu wawili. Niliona nyumba ya mama yangu, na wale wake za askari sokoni, na masista walioniandikia barua ya sifa. Daftari lilikuwa mkononi mwangu. Nilisema, "Aksanti, citoyen Directeur."

Wakamlaza Nkuba chini kwa kamba na dawa. Papa Kasongo alishika kichwa. Mimi, kwa kuwa nilikuwa na koti jeupe, nilipewa sinia ya vyombo niishike, nikabana daftari kwapani. Kazi yenyewe haikuzidi muda wa kuchemsha chai. Nilikuwa naweza kusema mpaka kisu kilipoinuliwa, na hata kilipokwisha kuinuliwa. Sikusema. Nimeieleza aibu hii kwa padre, nimeieleza kwa watoto wangu, na sijapata maneno yanayoipunguza.

Kesho yake Papa Kasongo alinyang'anywa ufunguo wa banda la madume, akapewa panga akakate nyasi. Barua yangu ilitiwa sahihi. Niliiweka chini ya godoro, sikumwonyesha mtu.

Majuma matano yakapita. Daktari akaja kupima majike wale watano waliopandwa na Nkuba mwenyewe wakati mpira umechanika. Kipimo chetu kilikuwa mkono: unavaa glavu mpaka begani, unaingiza nyuma, unalitafuta tumbo la uzazi kwa vidole. Mimi niliandika. Kwa jike wa kwanza akasema, "Iko." Wa pili: "Iko." Wa tatu, "Hapana." Wa nne, "Iko." Kwa wa tano Daktari alikawia sana, nikamwomba Mungu jambo baya, kwamba awe mtupu. "Iko," akasema Daktari.

Alisimama na mkono wake unaotiririka, hakuvua glavu. "Ine ku tano," akasema polepole. "Dume iko na mimba ine ku tano, na minyi nilimukata."

Tulirudi maabara. Alinawa, akachukua karatasi, akaanza kumwandikia Mkurugenzi kwamba yeye, daktari, alikosea. Kwamba protini za dume zinaweza kuwa mbaya chupani na nzuri tumboni. Kwamba alipaswa kungoja majike kabla ya kukata. Alikuwa mtu wa haki. Kwenye mstari wa mwisho akaongeza kwamba hata hivyo munkoyo hauwezi kusamehewa. Nilisoma nikichungulia begani kwake.

"Docteur, usiandike," nikamwambia. "Haiko weye. Haiko munkoyo. Iko maziwa. Iko minyi."

Nilimfungulia daftari kwenye ukurasa wa Jumatano. Alisoma mpaka mwisho. Aliona tarehe. Alinitazama, akatazama tarehe tena.

"Mercredi," akasema. "Ulijua mercredi."

"Ndiyo, Docteur."

"Na jeudi ulikamata sinia."

"Ndiyo."

Hakupiga kelele, ingawa nilitamani apige. Alisema, "Kukosea ku maziwa, ile iko kosa yangu na yako. Sikukufasiria juu ya nini tunachemusha, na weye haukuuliza. Tutagawa. Lakini ya jeudi iko yako peke yako." Halafu akasema hatanifukuza, kwa sababu shamba halina macho mengine ya kukaa kwenye hadubini, na kwamba nisidhani huko ni kusamehewa. Alichana barua yake. Akanituma nikamwambie Papa Kasongo mwenyewe, kwa mdomo wangu, kabla jua halijazama.

Nilimkuta bondeni anakata nyasi. Nilimsalimia kwa Kiluba, kwa heshima, nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama. Alisikiliza panga likiwa limechomekwa ardhini.

"Kumbe," akasema.

Akafuta kipini cha panga kwa kiganja.

"Siku ile minyi njo nilikamata kichwa yake," akasema. "Alikuwa anaangalia minyi tu. Alifikiri minyi njo namufanyia vile." Aling'oa panga. "Na weye ulikuwa umesimama na kitabu mu kwapa."

"Ndiyo, Papa. Unisamehe."

Akaendelea kukata nyasi.

Alirudishiwa ufunguo wiki ile ile. Mwaka uliofuata walizaliwa watoto wanne wa Nkuba, na mmoja, dume mwekundu kama baba yake, tukamweka awe wa mbegu. Papa Kasongo alimlea. Dirisha la maabara lilitazama banda, hatua kumi tu. Tangu siku dume yule alipoanza kazi, kila asubuhi Papa Kasongo alisimama dirishani na chupa chini ya kofia, na kabla ya kunikabidhi aliuliza neno moja.

"Maziwa ilichemuka?"

"Ilichemuka, Papa."

Ndipo aliponipa. Hakuniuliza habari za watoto, wala mimi sikupata ujasiri wa kumwuliza habari za mke wake. Daktari yule alihamishiwa Lubumbashi, akaja mwingine kijana, aliyependa karatasi kuliko wanyama na aliyeniita "technicienne" kila sentensi. Nikapelekwa miaka mitatu kituo cha pili, njia ya Kabongo, kuanzisha maabara ya huko kwenye chumba kilichokuwa ghala la mahindi. Nikarudi nikiwa mkuu wa maabara. Asubuhi ya kwanza baada ya miaka mitatu, Papa Kasongo alisimama dirishani, mvi kichwa kizima. "Maziwa ilichemuka?" Sikujua nicheke au nilie.

Nilistaafu Zaire ilipokuwa karibu kubadilisha jina. Sasa ninaishi Kamina, karibu na kanisa, na magoti yananisumbua. Wanafunzi wa mifugo wakipita hunijia na maswali. Wanazijua protini kwa majina na kwa namba. Wananiambia ipi hushika kichwa cha mbegu na ipi ikikosekana dume hazai. Nafurahi kuwasikia. Mimi nina mawili tu ya kuwapa. Uliza kwa nini unachemsha, hata mkubwa akikunja uso. Na siku ukibadilisha kitu, andika siku hiyo hiyo ulichobadilisha, kabla hujajua kama ni kosa, maana ukishajua ni kosa kalamu huwa nzito.

Wakiniuliza kama Papa Kasongo alinisamehe, huwaeleza asubuhi yake ya mwisho kazini. Alistaafu kabla yangu. Siku ile nilichemsha mapema, nikakaa dirishani. Alizunguka banda akiwaaga farasi mmoja mmoja, akafunga vitu vyake kwenye baiskeli, na dirishani kwangu hakuja. Nilitoka na sufuria mkononi, ikiwa bado ya moto, nikamwahi langoni.

"Papa, maziwa ilichemuka."

Aliniangalia kwa muda, kama Daktari alivyoangalia kioo.

"Minajua, mama," akasema. "Miaka yote minajua. Minyi nilikuwa naulizia Nkuba, juu yeye hakukuwa na kinywa."